Dawa ya Mtu Mmoja

Kwenye trei ya chuma palikuwa na alama ya duara tu, maji yalipokaukia, pana kama kitako cha kikombe cha kahawa. Inspekta Gertrude Wakesho aliinama akaitazama bila kuigusa. Miaka kumi na minane ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mwizi humtafuta mnunuzi kabla ya kuiba kitu. Alikuwa ameshika wezi wa mbuzi, wezi wa nyaya za stima, wezi wa vito vya migodini, hata mwizi wa kengele ya kanisa, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumpelekea mali. Chupa ya dawa iliyoibwa kwenye trei hii haikuwa na mnunuzi duniani.

Sista Immaculate Ndulu, muuguzi mkuu wa kliniki ile ndogo ya utafiti pale Voi, alikuwa amelieleza jambo hilo mara mbili, na sauti yake ilitetemeka mara zote mbili. Ilikuwa chanjo ya kansa, lakini si ya kuchanja watu foleni nzima kama ya surua. Walikuwa wamekata kipande cha uvimbe wa mgonjwa nambari saba, Rita, mwalimu wa miaka thelathini na minne, wakakipeleka maabara ng'ambo. Huko wataalamu wakasoma uvimbe ule unavyojitofautisha na mwili wenyewe, wakatengeneza vipande vidogo vya protini viitwavyo peptidi vinavyofanana nao. Vikichomwa mwilini, askari wa mwili huusoma uso wa adui na kuanza kumsaka.

"Kama zile picha za mtu anayetafutwa tunazobandika kituoni," Gertrude alisema.

Sista alikubali kwamba ni vivyo hivyo, ila picha hii ilikuwa ya jambazi mmoja tu, wa mji mmoja tu. Kwa mtu mwingine haina kazi. Na kuitengeneza huchukua wiki tisa. Rita alikuwa amefika chanjo ya tatu kati ya tano, kivuli kwenye pafu lake kilikuwa kimeanza kunywea, na madaktari hawakuwa na hakika kama wiki tisa nyingine anazo. Asubuhi hiyo, saa tatu na dakika kumi, Sista alikuwa ameitoa chupa kwenye friza na kuiweka kwenye trei iyeyuke polepole. Stima ikapotea. Akakimbia nyuma kuangalia kama jenereta imeshika, maana friza ina dawa za wagonjwa kumi na mmoja. Aliporudi baada ya robo saa, trei ilikuwa tupu.

"Na mtu mwingine akichomwa hiyo dawa?" Gertrude aliuliza. "Atapata nini?"

Sista alifunga mlango kwanza. 

Zile peptidi, Sista alisema, hazimdhuru mtu. Kinachotisha ni mafuta yaliyochanganywa nazo ili kuwaamsha askari wa mwili. Siku ya kwanza Rita alipochomwa, dakika sita hazikupita midomo ikavimba, koo likaanza kuziba, presha ikashuka hadi mpigo wa moyo ukawa haushikiki. Walimrudisha kwa sindano ya adrenalini, mbili, moja baada ya nyingine. Utafiti ukasimama mwezi mzima, wakubwa wakakaa, wakaamua aendelee, lakini dawa igawanywe mara sita, ipite kidogo kidogo kwa saa mbili, mrija wa dripu ukiwa tayari mkononi na daktari akiwa kando ya kitanda.

"Kuna mtu mwingine anayelijua hilo?"

"Hakuna. Alituomba tusimwambie hata mama yake anayemsindikiza. Hakutaka kumtia hofu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, Gertrude aliwaza, kisha akatoka kwenda kuwaona watu wa nje.

Konstebo Sylus, dereva wake, alikuwa tayari ameshapata mshukiwa na uso wake uling'aa. Mlinzi wa lango, Mulei, hakuwepo langoni stima ilipopotea, na nyuma ya kibanda chake palikuwa na boksi la baridi lililofungwa kamba. Sylus alilibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bomu. Mulei, kijana mrefu wa macho mekundu, alisimama ukutani akitoa jasho ambalo hata kwa jua la Voi lilikuwa jingi.

Kamba ilipokatwa, ndani mlikuwa na barafu za ukwaju zilizofungwa kwenye vikaratasi vya plastiki, soda nne, na vipande vikubwa vya barafu tupu. Mulei aliungama palepale kwamba huwauzia wagonjwa na watu wa stendi, na kwamba kampuni yake ya ulinzi ikijua atafutwa. Stima ilipopotea alikuwa upande wa pili wa barabara akichukua maji. Sylus alinuna, akaendelea kuzipekua zile barafu moja moja mpaka vidole vikafa ganzi.

Gertrude yeye alikuwa anaangalia pembe ya boksi, mahali ambapo kipande kimoja cha barafu kilikuwa kimepigwa kikavunjwa.

"Hii umemuuzia nani?"

"Sikuuza, madam. Nilimpa mama mmoja mzee bure. Alikuja na chupa ya chai, ile ya buluu, akasema anataka barafu ya mgonjwa. Akamwaga chai yote hapo chini, nikamjazia."

"Saa ngapi?"

"Stima ilikuwa bado haijarudi."

Hapo chini kweli palikuwa na majani ya chai na sisimizi wameshaanza sherehe. Gertrude alichuchumaa mbele yao kwa muda. Mwizi wa kuuza angetia chupa mfukoni akimbie. Mwenye chuki angeivunja. Huyu alikuwa amesimama katikati ya wizi wake, akamwaga chai yake ya asubuhi, akaomba barafu. Alijua dawa ikipata joto inakufa, na wanaofundishwa hilo katika kliniki ile walikuwa wafanyakazi, wagonjwa, na wanaowasindikiza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alirudi ofisini akaomba madaftari ya wagonjwa wote. Sista alimletea, akamweleza jinsi ya kuyasoma: tarehe ya chanjo, joto la mwili, na hesabu ya tembe. Katika utafiti kila tembe ina mwenyewe. Kila mgonjwa hupewa sita za kutuliza homa, akirudi huja na pakiti, zilizobaki zikahesabiwa na kuandikwa. Gertrude alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Mmoja alirudisha nne, mwingine tatu, mwingine tano. Nambari saba hakuwahi kurudisha hata moja, na kila mara aliomba nyingine kabla ya wakati.

"Huyo hutumia vibaya," Sista alisema kwa uchovu. "Homa yake huisha siku moja, lakini tembe zinaisha zote. Nimemwonya mpaka nimechoka. Hata ile dawa ya minyoo tuliyowapa wote mwanzoni, yeye aliomba mara mbili."

"Mara mbili kamili?"

"Kamili."

Gertrude alifunga daftari. Akatoka kwenda kumtafuta nambari saba.

Rita alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha kungojea, mikono mapajani, amejifunga leso ya kijani yenye maua ya korosho. Mahali pa mama yake kando yake palikuwa patupu. Alisema mama amekwenda kununua maziwa, na alikuwa amesema hivyo kwa watu watatu tangu asubuhi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Gertrude alikaa mahali pale patupu. Aligundua kwamba leso ile ilikuwa kipande kimoja, na ncha yake moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi bila kupindwa. Leso hununuliwa mbili pamoja. Mtu akivaa moja ambayo bado ina nyuzi, nyingine iko mahali.

Alimimina tembe sita kutoka kwenye pakiti mpya, akazipanga juu ya benchi, tatu huku, tatu kule.

"Mwalimu, hizi tatu ni zako. Hizi nyingine humeza nani?"

Rita alizitazama. 

"Leso yako nusu yake iko wapi?"

"Madam, mama yangu si mwizi."

"Sikumtaja mama yako."

Machozi yalimshuka Rita bila sauti. Alisema nusu nyingine anayo Loise, pacha wake, kule Makwasinyi chini ya mlima Kasigau. Tangu wazaliwe hakuna aliyemeza dawa peke yake. Mmoja akiugua malaria, wote wawili walimeza kwinini. Mmoja akivunjika mkono, mwenzake alifungwa kitambaa mkono uleule. Nyumba yao ilikuwa imeshika jambo hilo tangu enzi za bibi yao: pacha akitibiwa peke yake, ugonjwa ukifukuzwa huhamia kwa aliyeachwa.

Gertrude hakucheka. Kwao Wusi, jirani ya bibi yake alikuwa na mapacha waliooshwa kwa beseni moja mpaka wakaota ndevu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Na Loise anaumwa?"

"Amekonda tangu mimi nianze kupata nafuu. Anakohoa. Mimi nilimwambia mama ni vumbi na shida za shamba, lakini mama anahesabu. Mimi nikiongeza kilo, yeye anapunguza. Tembe nilimpelekea, ndiyo, zote nilimgawia. Hii ya sindano ningegawaje? Mama aliniuliza mwezi mzima. Nikamwambia haigawanyiki."

"Ulimwambia koo lako liliziba?"

Rita aliinua uso, na Gertrude akaona hesabu ikimfikia mwalimu yule kidogo kidogo, kama ilivyokuwa imemfikia yeye kule ofisini. Mapacha wa kufanana, mwili mmoja uliogawanywa mara mbili. Kilichoziba koo la mmoja kingeziba la mwingine, na huko hapakuwa na mrija, wala daktari, wala adrenalini.

"Nani Makwasinyi anajua kuchoma sindano?"

"Zephaniah," Rita alinong'ona. "Huchoma mbuzi."

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Mama yake Rita, Mama Mable, alikuwa amewatangulia kwa saa mbili na zaidi. Walipiga simu ya Loise, haikupatikana. Walipiga ya naibu wa chifu, ikapokelewa na mtu aliyesema mwenyewe yuko mazishini, mlimani, hakuna mtandao. Gertrude alimwagiza Sista abebe adrenalini yote iliyopo, akamwacha Rita na daktari, na Sylus akalitoa gari la polisi langoni mbele ya Mulei aliyekuwa amepiga saluti ya kujikomboa.

Barabara kuu ya Mombasa iliwapeleka vizuri mpaka Maungu. Walipokata kulia na kuacha lami, gari likaanza kupigwa na makorongo, vumbi jekundu likaingia hata madirisha yalipofungwa. Sista alikuwa ameliweka boksi la dawa mapajani akilikumbatia. Hakuna aliyezungumza isipokuwa Gertrude, ambaye kila dakika tano alipiga ile simu ya Loise, na kila dakika tano sauti ya kike yenye adabu ilimwambia mteja hapatikani. Alikuwa anaogopa, na hakujaribu kulificha hilo. Alikuwa amewahi kuwakimbiza wauaji waliojua wanaua. Huyu wa leo alikuwa anakwenda kuua kwa mapenzi, kwa mikono iliyonawa vizuri, na hapakuwa na namna ya kumtisha kwa mbali.

Mlima Kasigau ulitokea ukiwa na wingu kichwani. Wakapita Rukanga bila kusimama. Kila mwanamke mzee aliyekuwa njiani Gertrude alimtazama mkononi kama ana chupa ya buluu. Makwasinyi, mtoto wa shule aliwaonyesha nyumba kwa kidole bila kuuliza, na huko uani Gertrude aliona sufuria juu ya mafiga, maji yakichemka, na ndani ya maji hakuna chakula. Sindano zilikuwa zimechemshwa.

Ilikuwa saa nane na dakika tatu. Zephaniah, mzee mwembamba aliyevaa koti la kazi, alikuwa amesimama mlangoni akitazama ndani, bomba la sindano tupu mkononi.

"Nimemchoma kidogo tu," alisema kabla hajaulizwa. "Nusu, kama mama alivyotaka. Mbuzi hawafanyi hivi."

Ndani, juu ya mkeka, alilala Rita. Gertrude alisimama kwa pumzi moja nzima kabla macho hayajakubali kwamba yule si Rita. Ilikuwa leso ileile ya kijani, maua yaleyale ya korosho, ncha moja imekatwa kwa mkasi. Midomo ilikuwa imevimba ikageuka, na kila alipovuta hewa kulitoka mluzi mwembamba wa kutisha. Mama Mable alikuwa amepiga magoti akimpepea kwa kifuniko cha sufuria, akiomba Mungu kwa sauti ya chini isiyokatika.

Sista Immaculate hakuomba ruhusa. Alichoma paja kupitia leso yenyewe, akaamuru miguu iinuliwe, Sylus akaishika. Gertrude alishika kifundo cha mkono wa Loise kutafuta mpigo, akaupata, akaupoteza. Dakika moja. Mbili. Mluzi ukazidi kuwa mwembamba mpaka ukawa karibu haupo, na Gertrude akajisikia akihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Dakika ya tano Sista akachoma ya pili. Zephaniah huko nje alikuwa anatapika.

Kisha kifua kikapanda. Kikashuka, kikapanda tena, na safari hii hewa iliingia ikiwa na sauti nzito ya mtu anayepumua. Mpigo ulirudi chini ya vidole vya Gertrude, wa haraka lakini wa kweli. Sista alikaa chini sakafuni, akafuta uso kwa mgongo wa mkono, akasema wampeleke hospitali sasa hivi, kwa kuwa madhara ya dawa ile hulala kisha yakaamka tena.

Mama Mable alielezwa yote palepale, kwa maneno machache. Koo la Rita. Mafuta. Mwezi ule utafiti uliposimama. Alisikiliza akimtazama Loise, mkono mdomoni.

"Hakuniambia," alisema. "Mwanangu hakuniambia."

"Mama, uliiba dawa."

"Niliigawa," Mama Mable alisema, bila ubishi. "Mmoja alikuwa ananirudia, mmoja ananiponyoka. Wewe una watoto?"

Gertrude alikuwa na mmoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini sheria nayo ilikuwa na sehemu yake, na alilisema hilo kwa upole kuliko alivyozoea: Mama Mable angekwenda nao Voi, kituoni. Mwanamke yule hakukataa. Aliomba kitu kimoja tu. Alikwenda kwenye pembe yenye giza, nyuma ya mtungi wa maji, akarudi na chupa ya chai ya buluu akiwa ameifunika kwa kitambaa chenye maji.

"Nusu ya Rita iko humu," alisema. "Sikumruhusu Zephaniah aiguse tena. Ni yake."

Sista aliifungua. Barafu ilikuwa bado inaelea. Alitoa kichupa, akakitazama dhidi ya mwanga wa mlango, na Gertrude naye akakiona: dawa nyeupe kama maziwa, nusu kamili, hata kipimo cha maabara kisingeigawa sawasawa hivyo. Sista alitia kipimajoto chake ndani ya maji ya barafu. Digrii nne. Hata friza ya kliniki, asubuhi ile ya stima kupotea, isingeitunza vizuri zaidi. Lakini katikati ya mpira wa kifuniko palikuwa na tundu, pana, la sindano ya mbuzi.

Sista aliinua macho, akamtazama Gertrude, akatikisa kichwa mara moja: haikuwa salama tena kuchomwa mtu. Kisha akakirudisha kichupa kwenye barafu, akafunga, akamkabidhi mama chupa yake.

Walimlaza Loise kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Sista. Alifungua macho gari lilipowashwa. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na maneno yalimchukua muda.

"Rita naye ameshachomwa?"

"Yake tunampelekea," mama yake alisema, na akaikumbatia chupa.

Mama Mable alikaa kiti cha katikati, mwenye kesi, bila pingu, ameishika chupa wima kwa mikono miwili ili makorongo yasiitikise. Kila gari liliporuka aliinua viganja vikaipokea. Baada ya Rukanga alitia kidole ndani kuijaribu, akamwinamia Gertrude aliyekuwa mbele, akamwambia kwa heshima kwamba barafu imeanza kuyeyuka.

Gertrude alitazama barabara. 

"Sylus," alisema. "Ongeza mwendo."